Kabla Hujawapa Mkupuo Wako: Namna ya Kuikagua Bodi ya Kampuni ya Kusimamia Mali

Kila msimu wa malipo ya tumbaku, na kila walimu wanapostaafu, nakutana na swali lile lile. Linakuja na kipeperushi cha karatasi inayong'aa, kimekunjwa mara mbili, kinatolewa mfuko wa shati: "Hawa jamaa wanasema watanitunzia hela na kuizalisha. Ona, wana bodi. Kuna profesa, kuna daktari, kuna kanali mstaafu. Niwape?" Nimelijibu kwenye mabaraza ya Ng'ambo hapa Tabora, nimelijibu kwenye foleni ya benki, na mara moja nimelijibu ndani ya treni ya Kigoma, kutoka Tabora mpaka mwuliza swali aliposhuka Kaliua. Leo naliandika.

Sitakwambia kampuni ipi nzuri. Nitakuonyesha jinsi ya kuichungulia bodi yake.

Nadharia ni hii tu. Ukitoka Sikonge, Urambo au Uyui, bodi unaijua. Chama chako cha msingi kinayo, na bodi iliyolala umeshaiona: meneja anaandika, mwenyekiti anasaini, wajumbe wanachukua posho ya kikao, halafu mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, anakuja, na pembejeo hewa zinaanza kuonekana. Bodi ya kampuni inayosimamia mali za watu ina kazi hiyo hiyo ya kumbana mtendaji. Tofauti ni moja, na ni kubwa. Kwenye chama wewe ni mwanachama. Siku ya mkutano mkuu unasimama, unafoka, mwenyekiti anaondoka. Kwenye kampuni binafsi wewe ni mteja. Wajumbe wa bodi wanawekwa na wenye hisa, na wenye hisa ndio wenye uwezo wa kuwaondoa. Wewe unawakagua kabla, maana ukishatia hela huna kura.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kipeperushi au mkataba wao, karatasi yoyote yenye jina la kampuni. Maneno ya wakala hayatoshi.
- Namba yako ya NIDA. Mfumo wa BRELA (tutaufikia Hatua ya 2) utaiomba ukitaka kufungua akaunti.
- Simu yenye bando, au kijana wa steshenari mwenye kompyuta na subira.
- Daftari na kalamu. Usitegemee kichwa.
- Wiki mbili. Wakala akikwambia nafasi zinafungwa Ijumaa, mwache afunge.
- Mtu mmoja wa kukaa naye asiyelipwa kamisheni na mtu yeyote. Mara nyingi ni shangazi yule mkali ambaye familia nzima inamkwepa.

Hatua ya 1. Pata jina kamili la kisheria

Jina la kwenye bango na jina lililosajiliwa yanaweza kuwa mawili tofauti. Unachotafuta ni jina linaloishia na "Limited" au kifupi chake, pamoja na namba ya usajili. Mwombe wakala nakala ya cheti cha usajili. Andika kila herufi ilivyo, hata kama imeandikwa vibaya.

Kisha linganisha na jina la akaunti ya benki unayoambiwa uingize hela. Kama akaunti ni ya mtu binafsi, au jina linapishana hata neno moja, simama hapo. Huna haja ya hatua ya pili.

Hatua ya 2. Tafuta wakurugenzi BRELA

BRELA ndiyo wakala wa serikali unaosajili kampuni za Tanzania Bara, na mfumo wake wa usajili uko mtandaoni. Kutafuta jina ni rahisi. Kupata taarifa rasmi yenye wakurugenzi, wenye hisa na katibu wa kampuni kunalipiwa, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kama unavyolipia huduma nyingine za serikali. Lipa. Ukilinganisha na mkupuo wa miaka 35 ya kushika chaki, si hela.

Ukishaipata, gawa ukurasa wa daftari katikati. Kushoto andika majina ya kwenye kipeperushi, kulia majina ya BRELA.

Mwaka mmoja aliniletea kipeperushi mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la sita. Kilikuwa na sura saba, suti saba, tai zote za buluu. Tulikaa barazani kwake, mjukuu akashika simu juu juu ili mtandao usikatike, taarifa ikafunguka. Wakurugenzi walikuwa wawili. Jina la ukoo lilikuwa moja, na sanduku la posta lilikuwa moja. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akahesabu tena kwa kidole kama alivyokuwa akihesabu madaftari yetu.

"Na hawa watano?"

"Hao ni picha, mwalimu."

Sikusema ni matapeli, na mpaka leo sisemi. Huenda watano wale walikuwa watu wema walioombwa kukaa kwenye kile kinachoitwa bodi ya ushauri. Lakini bodi ya ushauri haibebi wajibu ambao Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inamtwika mkurugenzi: kutenda kwa nia njema kwa ajili ya kampuni, na kutumia uangalifu na ujuzi. Mshauri akikosea anaaga na kwenda zake.

Hapa wengi wanakosea mambo mawili. La kwanza ni neno "mkurugenzi". Hapa kwetu mkuu wa idara yoyote anaitwa mkurugenzi: Mkurugenzi wa Masoko, Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja. Hao ni waajiriwa. Unaowatafuta ni wajumbe wa bodi ya wakurugenzi, na waajiriwa waliomo ndani ya bodi ni sehemu tu ya hesabu. La pili ni kuridhika na mwenye hisa aliyeandikwa. Mwenye hisa anaweza kuwa kampuni nyingine, na hiyo nayo ikawa ya kampuni ya tatu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, kampuni zinatakiwa kuwasilisha BRELA taarifa za wamiliki manufaa, yaani binadamu wenye nyama na damu wanaofaidi mwishoni. Waulize waziwazi: mmiliki manufaa wenu ni nani? Anayekujibu kwa jina la kampuni hajajibu.

Hatua ya 3. Hakikisha bodi hiyo inaongoza kampuni yenye leseni

Hii ndiyo hatua inayowaangusha watu wengi, kwa sababu ofisini ukutani huwa pamejaa vyeti. Tuvisome kimoja kimoja.

Cheti cha usajili cha BRELA kinasema kampuni imezaliwa. Cheti cha TIN kinasema TRA inaitambua kwa kodi. Leseni ya biashara inasema imelipia kufanya biashara. Hata vyote vitatu vikipangwa kwenye fremu za dhahabu, hakuna kinachosema inaruhusiwa kuwekeza hela za watu kwenye hisa na hatifungani, yaani hati za kuikopesha serikali au kampuni.

Ruhusa hiyo inatolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mamlaka inatoa leseni za aina mbalimbali, na aina ndiyo kila kitu. Mshauri wa uwekezaji anashauri. Dalali ananunua na kuuza kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa maagizo yako. Meneja wa mfuko ndiye anayekabidhiwa fedha azisimamie. Mwenye leseni ya kushauri akikwambia "tuachie sisi, utaona faida kila mwezi", anafanya kazi ambayo karatasi yake haimruhusu.

Usisome leseni ukutani. Nenda kwenye orodha ya CMSA yenyewe, au wapigie ukiwa na jina la Hatua ya 1, uwaulize maswali matatu: ipo, ya aina gani, inaisha lini.

Wengine watakuonyesha leseni ya Benki Kuu ya kukopesha, ile ya daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Hiyo ni ruhusa ya kukopesha watu. Haiwaruhusu kupokea amana za watu. Ukiona mkopeshaji wa daraja hilo anapokea hela zako "azitunze", unajua cha kufanya.

Hatua ya 4. Chora mistari ya ujamaa

Rudi kwenye daftari. Andika kila mjumbe halisi wa bodi kwenye duara lake, kisha chora mstari kila unapopata mojawapo ya haya: ndugu wa damu, mke au mume, shemeji, mwajiriwa wa kampuni, mwenye hisa, mwanasheria au mkaguzi anayelipwa na kampuni hiyo, mwenye nyumba ya ofisi yao, anayedaiwa na mtendaji mkuu.

Aliyebaki bila mstari ndiye mjumbe huru. Kampuni binafsi ikiwa na bodi ya mume, mke na shemeji haijavunja sheria. Biashara nyingi nzuri za hapa mjini zilianza hivyo, kuanzia mashine za kukoboa mpaka mabasi. Lakini duka la familia linachezea hela ya familia. Hawa wanaomba yako. Mimi nataka nione angalau wawili wasio na mstari, maana mmoja peke yake kwenye kikao huishia kunyamaza.

Mstari mmoja hauonekani kwenye karatasi yoyote, nao ni wa imani na kabila. Mtu akisema "usiogope, mwenyekiti ni mzee wa kanisa letu" au "ni Mnyamwezi mwenzetu", hajakupa sifa ya mjumbe. Amekupa sababu ya kutouliza. Wenye kumbukumbu wanaikumbuka DECI, mpango wa upatu uliofungwa na serikali mwaka 2009. Watu walipanda mbegu, ndivyo hela waliyotia ilivyoitwa, wakisubiri kuvuna, na viongozi wake walikuwa wachungaji. Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi yao mwaka 2013, lakini mbegu za wengi zilikuwa zimeshaliwa.

Hatua ya 5. Thibitisha ujuzi wao

Hii ni ya haraka. Anayejiita mhasibu mwenye CPA yumo au hayumo kwenye rejista ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi. Anayejiita wakili yumo au hayumo kwenye mfumo wa mawakili wa Mahakama. Cheo cha jeshi, udaktari wa binadamu na uprofesa wa kilimo ni vitu vya kuheshimiwa, ila havimfundishi mtu kusoma mizania. Bodi ya watu watano iwe na angalau wawili ambao wameshafanya kazi ya fedha, mmoja wao akiwa nje ya menejimenti.

Hatua ya 6. Waandikie barua

Usiulize kwa mdomo. Wakala atakujibu kwa mdomo, na maneno hayo hutayapata siku ukiyahitaji. Mimi huwaandikia watu barua ya aina hii. Inakili, badilisha jina:

"Ndugu Katibu wa Kampuni. Nakusudia kuwa mteja wenu. Kabla ya hapo naomba nijibiwe kwa maandishi: (a) Je, mwenyekiti wa bodi na mtendaji mkuu ni watu wawili tofauti? (b) Mwaka uliopita bodi ilikutana mara ngapi, na kila mjumbe alihudhuria vikao vingapi? (c) Mna kamati ya ukaguzi na vihatarishi? Nani anaiongoza? (d) Mkaguzi wenu wa nje ni nani, na mwaka wa mwisho mlipata hati gani? (e) Fedha na dhamana za wateja (hisa na hatifungani zao) zinatunzwa benki gani, kwa jina la nani, na nani wenye saini? (f) Wajumbe wa bodi wenyewe wamewekeza humo? (g) Kuna mjumbe aliyejiuzulu ndani ya miaka miwili? Kwa sababu gani?"

Kampuni ya kweli itachukua siku kadhaa na kukujibu. Huenda isijibu yote. (F) wengine wanaona ni jambo la ndani, na naelewa. Lakini (a), (d) na (e) hazina siri.

Swali (e) nalipenda kuliko yote. Kwenye mpango wa uwekezaji wa pamoja ulioidhinishwa, anayeamua hela iwekezwe wapi si yeye anayeishika; dhamana hukaa kwa mtunzaji, kwa kawaida benki yenye leseni ya kazi hiyo. Ni kama ghala la chama: mwenye kupima tumbaku asiwe ndiye mwenye ufunguo. Hatifungani za serikali ulizonunuliwa kwa jina lako zinapaswa kuonekana kwenye akaunti yako ya dhamana, na taarifa yake unaweza kuiomba. Jibu likiwa "zinakaa kwenye akaunti ya kampuni, mtendaji mkuu ndiye anayesaini", bodi yao hata ikiwa na malaika wanne haina cha kulinda, kwa sababu saini moja inatosha kuondoka na kila kitu.

Hatua ya 7. Ongea na mjumbe mmoja wa bodi

Chagua yule asiye na mstari. Usipige namba ya kwenye kipeperushi. Mtafute kupitia kazini kwake au taasisi yake. Salimia vizuri, shikamoo yake mpe kama ni mkubwa, kisha muulize jambo moja tu: "Mara ya mwisho bodi ilimkatalia nini mtendaji mkuu?"

Mjumbe halisi atacheka, atakwepa majina, lakini atakuwa na mfano: walikataa kununua kiwanja, walikataa kuweka hela nyingi kwenye hisa za kampuni moja. Mjumbe wa picha atasema kwamba wao wanaelewana sana, hawajawahi kupingana. Na nimemsikia mmoja kwa sikio langu, simu ikiwa kwenye spika: "Bodi ya kampuni gani?"

Hatua ya 8. Anza na kidogo, kisha kiombe kirudi

Ukiridhika, weka kiasi ambacho kikipotea utalala. Baada ya miezi michache omba sehemu yake irudi, kwa utaratibu ulioandikwa kwenye mkataba. Hesabu siku. Usifurahishwe na faida iliyoingia kwenye simu. Hela ya mteja mpya inaweza kuitwa faida ya mteja wa zamani.

Piga na hesabu hii. Asilimia 10 kwa mwezi, ikiachwa izae juu ya zao, inageuza shilingi 1,000,000 kuwa zaidi ya shilingi 3,100,000 kwa miezi 12. Serikali inapokopa kwa hatifungani za miaka mingi, riba inatajwa kwa mwaka, si kwa mwezi. Bodi yenye mhasibu mmoja aliye macho isingeruhusu ahadi hiyo ichapishwe kwenye kipeperushi. Ikiwa imechapishwa, umeshapata jibu kuhusu bodi bila kupiga simu.

Ukikwama

*Jina halionekani BRELA.* Jaribu bila "Limited", jaribu kuunganisha na kutenganisha maneno. Likikosekana, waulize kama wamesajiliwa Zanzibar, ambako kuna wakala wake, BPRA. Wakisema wamesajiliwa nje ya nchi, usajili wa huko hauwapi ruhusa ya kukusanya hela Tabora. Rudi Hatua ya 3 ukaulize CMSA.

*Mfumo unazunguka tu haufunguki.* Jaribu alfajiri. Sina ufundi mwingine.

*Wanasema majina ya wakurugenzi ni siri.* Majina ya wateja ndiyo siri. Wakurugenzi wako kwenye daftari la serikali ambalo yeyote akilipia anasoma.

*Kipeperushi kina sura ambayo BRELA haina.* Mpe nafasi. Huenda ameteuliwa juzi na fomu haijashughulikiwa. Omba nakala ya azimio la uteuzi wake na barua yake ya kukubali. Mwezi ukipita bila karatasi, mfute kwenye hesabu.

*Wajumbe watatu wameondoka mwaka mmoja.* Mtu anaweza kuugua au kuhama. Watatu kwa pamoja wameona kitu. Mtafute mmojawapo.

*Sina nguvu za kufanya yote haya.* Hilo si kosa. Kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, taasisi ya serikali, ambayo mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005. Na kuna hatifungani za serikali zinazouzwa kwenye minada ya Benki Kuu, kuanzia shilingi 1,000,000, kupitia benki au dalali. Huko nako usome masharti, ila kazi ya kukisia sura za kwenye kipeperushi inapungua.

*Nimeshawapa hela, ndiyo nasoma sasa.* Usiongeze hata senti, hata wakikwambia uongeze ndipo ya kwanza itoke. Kusanya risiti, meseji za muamala, mkataba, picha za kipeperushi, vipige nakala. Wapelekee barua ya kudai, wagonge mhuri na tarehe kwenye nakala yako. Kisha peleka malalamiko CMSA kwa maandishi, na kama hawana leseni kabisa, nenda na polisi. Waliotia pamoja nawe waandike na wao, kila mtu na barua yake.

*Aliyeniletea kampuni hii ni mtoto wa dada yangu.* Hili ndilo gumu kuliko BRELA. Usimwite tapeli mbele ya watu. Mara nyingi naye ametia hela yake. Mwambie, "Mjomba, nimeipenda. Niletee mwenyekiti wa bodi tunywe naye chai." Mwalimu wangu alimwambia hivyo hivyo mpwa wake. Chai aliichemsha Jumamosi tatu mfululizo, na mara ya tatu mpwa alikuja peke yake, akanywa, akaomba naye asaidiwe kuandika barua ya kudai.